Benki Imekukata Doo Bila Kukuambia? Hawa Ndio Wanaoichunga, na Hivi Ndivyo Unawafikia

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, supamaketi moja mtaani, foleni imefika hadi kwa mikate. Nikagongesha kadi kwa kile kimashine. Kikafikiria, kikatoa karatasi: imekataliwa. Sekunde mbili baadaye simu ikalia. Meseji ya benki: Sh4,600 zimetoka. Keshia akaniangalia na ile sura ya "buda, lipa ama uweke vitu chini." Nikalipa tena na simu. Ngiri nne na soo sita, mara mbili, kwa unga, mafuta na sabuni.

Nikapigia benki. "Subiri masaa 48 hadi 72." Nikasubiri wiki. Nikapiga tena, akashika mtu mwingine, jibu ni lile lile. Hapo ndio nikaanza kujiuliza swali ambalo wengi wetu hujiuliza tukiwa tayari tumechomwa: kwani hawa watu wa benki huogopa nani?

Kumbe wanaogopa watu kadhaa. Ngori ni kwamba hao watu hawakai ofisi moja, na kila mmoja ana kipande chake. Ukipeleka kesi ya kadi kwa ofisi ya data, ama kesi ya apu ya mkopo kwa karao wa mtaa, utazungushwa mpaka uchoke uachane nayo. Na ukiachana nayo, hiyo chapaa imeenda.

Mkubwa ni CBK, lakini ana kazi mbili

Benki Kuu ya Kenya, CBK, ndiyo inapeana leseni kwa benki zote na ndiyo inaweza kuzinyang'anya. Pia ndiyo inasimamia mifumo ya malipo chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011, kwa hivyo kadi, M-Pesa na pesa za simu kwa jumla ziko chini ya macho yake.

Kwa upande wa mteja, karatasi ya maana zaidi ni mwongozo wa CBK kuhusu ulinzi wa wateja, ulioanza kutumika Januari 2013. Wasee wengi hawajawahi kuuskia. Unasema benki lazima ikutendee haki, ikueleze masharti kwa lugha unayoelewa, ikujulishe kabla ya kubadilisha ada, isikulazimishe kununua bidhaa moja ndio upate nyingine, na iwe na njia rasmi ya kupokea malalamiko. Hiyo ya mwisho ndiyo silaha yako. Benki haiwezi kukuambia haina pa kuandikisha shida yako. Ni lazima iwe napo.

Sasa, mbona haya yote hatuyaoni tukisimama kwa kaunta? Jibu langu ni hili: kazi ya kwanza ya CBK ni kuhakikisha benki hazianguki. Kukutetea wewe na Sh4,600 zako ni kazi ya pili. Na hizo kazi mbili wakati mwingine hazipatani, juu ada zinazokuumiza wewe ndizo hizo zinafanya benki ionekane na afya kwa vitabu. Si ati CBK haina meno. Septemba 2018 ilipiga benki 5 faini ya jumla ya Sh392.5 milioni, na hizo zilikuwa benki kubwa, si vibanda. Lakini faini ilikuwa ya pesa za sakata ya NYS kupitia akaunti zao bila maswali ya kutosha kuulizwa. Haikuwa ya mteja aliyekatwa mara mbili supamaketi.

Serikali yenyewe iliona hiyo pengo. Mwaka huo huo wa 2018 Wizara ya Fedha ilitoa mswada wa kuunda mamlaka maalum ya kuchunga tabia za benki na wakopeshaji, pamoja na msuluhishi wa malalamiko ya wateja. Mswada ukakwama. Ndio maana leo hakuna dirisha moja la kupeleka kilio chako, na ndio maana lazima uchanuke ujue nani anashika nini.

Ada: nani alikubali zipande?

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinasema benki haiwezi kuongeza ada zake bila idhini ya Waziri wa Fedha. Soma tena. Benki haiamki tu asubuhi ikaongeza ada ya kutoa pesa kwa ATM. Kwa miaka mingi benki zilisema kifungu hicho hakigusi riba. Mwaka wa 2025 Mahakama ya Upeo, kwenye kesi kati ya Stanbic na kampuni ya Santowels, ikaamua kwamba kinagusa. Mabenki hayakufurahia, na si unajua tu kwa nini.

Riba zenyewe zina stori ndefu. Septemba 2016 Bunge lilizifunga, isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha CBK. Benki zikajibu kwa kukausha: wewe huna payslip ya maana, hupati mkopo. Novemba 2019 hiyo kamba ikakatwa. Mapema mwaka huo CBK ilikuwa imetoa hati ya maadili kwa sekta nzima, inayotaka bei ya mkopo ilingane na hatari ya mkopaji na gharama zote ziwekwe wazi. Kabla ya kukopa, itisha gharama kamili ya mkopo kwa shilingi. Usikubali asilimia peke yake, juu asilimia haina ada ya kushughulikia, bima, wala wakili ndani.

Halafu kuna Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, CAK. Watu hufikiri kazi yao ni kampuni kubwa zikinunuana tu. Lakini Sheria ya Ushindani ina sehemu nzima ya mteja, na kifungu cha 56 kinataja benki kwa jina: haziruhusiwi kukutoza ada ambayo hukuelezwa kabla. Una haki ya kuambiwa ada zote, "hata ikibatizwa jina gani" kwa lugha yetu ya mtaa. Kwa hivyo ukiona kwa akaunti kitu kinaitwa ada ya matengenezo na hakuna mahali uliambiwa, hapo una kesi.

Kazi ya CAK unaiona kila siku bila kujua. Ile meseji ya gharama kabla hujathibitisha malipo kwa simu? Mwaka wa 2016 ndio waliamuru kampuni za pesa za simu na benki zionyeshe gharama kabla ya mteja kubonyeza. Kabla ya hapo ulikuwa unatuma kwanza, unaumia baadaye.

Kadi: hapa ndio watu wengi huchomeka

Turudi kwa supamaketi. Ukigongesha kadi, kuna benki mbili kwenye hiyo stori: yako, na ya duka. Mashine inauliza benki yako kama doo iko. Benki yako inasema iko, inaiweka kando, na kukutumia meseji. Kama jibu limepotea njiani, mashine inaandika imekataliwa, lakini kwa benki yako pesa tayari zimewekwa kando. Hazijatoka. Zimeshikwa tu, zikingoja benki ya duka izidai. Isipozidai, baada ya siku kadhaa zinajiachilia zenyewe. Hapo ndipo zile "masaa 48 hadi 72" hutoka, na kusema ukweli, mara nyingi ni kweli.

Sasa kama siku zimepita na bado hujaona kitu, huenda benki ya duka ilizidai. Hiyo si kesi ya kungoja tena. Ni kesi ya kupinga malipo rasmi, na inaenda kwa kanuni za Visa ama Mastercard, si kwa sheria ya Kenya. Benki yako inajaza fomu, inaitisha pesa kutoka kwa benki ya duka, na duka linatakiwa kuonyesha ushahidi kwamba lilikuuzia. Kwa kesi nyingi dirisha la kufungua ni siku 120, lakini usikae hadi ya 119. Itisha "fomu ya kupinga malipo" kwa jina hilo. Ukisema tu "pesa yangu imepotea" utapewa zile masaa 72 zingine.

Karatasi ya mashine iliyosema imekataliwa, usiitupe. Ina namba ya marejeo, saa, na namba ya mashine. Hiyo karatasi ndogo inayofifia kwa wiki mbili ndiyo ushahidi wako mkuu. Ipige picha hapo hapo kwa kaunta. Mimi yangu nilikuwa nimeifunga nayo chingamu, lakini namba zilisomeka.

Vipi kama kadi imeibwa, ama mtu ametumia namba zake mtandaoni? Hapa lazima nikuambie kitu hakifurahishi. Marekani sheria imeweka namba: kadi ya mkopo ikiibwa na kutumika, mteja habebi zaidi ya dola 50. Kenya hatuna namba kama hiyo kwa sheria. Kinachoamua ni mkataba uliotia sahihi siku ya kufungua akaunti bila kusoma, kama wewe ulizembea, na ulipiga simu saa ngapi. Kila shilingi inayotoka baada ya wewe kuripoti ni ngumu sana benki kukubebesha. Inayotoka kabla, mtavutana. Kwa hivyo funga kadi kwa apu kwanza, halafu upige simu, halafu uandike barua pepe ili saa ya kuripoti iandikwe mahali. Na kama ni wewe ulimtajia mtu ile namba ya siri iliyoingia kwa SMS, mikataba mingi inakuangushia mzigo wote. Mtu wa benki hawezi kukuitisha hiyo namba, hata akijua jina la mama yako.

Wizi wa wazi peleka pia kwa DCI, ambao wana kitengo maalum cha uchunguzi wa ulaghai wa benki. Usitegemee warudishe pesa. Unahitaji namba ya OB, juu benki itaiitisha.

Apu za mikopo: za kukupigia shosho yako

Hii sehemu imebadilika kuliko zote. Unakumbuka ile enzi apu ilikuwa inapigia bosi wako, ex wako na pasta, inawaambia umekula mkopo wa Sh2,000? Ilikuwa noma. Desemba 2021 sheria ya CBK ikabadilishwa ili iwashike hawa wakopeshaji wa mtandaoni, na Machi 2022 kanuni zenyewe zikaanza kufanya kazi. Zinakataza vitisho, matusi, kumwaibisha mkopaji hadharani, na kupekua orodha ya namba kwa simu yako ili kuwatumia meseji watu wako. Leseni 10 za kwanza zilitoka Septemba 2022. Kufikia 2025 zilikuwa zimepita 100. Orodha iko kwa tovuti ya CBK, na inachukua dakika moja kuangalia. Apu isiyokuwa hapo, hata iwe na nyota tano, ni ya kuhepa.

Kitu kimoja wengi hukosea: Fuliza, M-Shwari na KCB M-Pesa si apu za aina hiyo. Nyuma yake kuna benki. Fuliza ni ya NCBA na KCB wakishirikiana na Safaricom. Kwa hivyo shida yako na Fuliza iko chini ya sheria za benki.

Kwa kesi ya kupekuliwa simu na kuaibishwa, ofisi yenye kasi ni ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Unaandikisha malalamiko mtandaoni, bure, na sheria inawapa siku 90 kumaliza. Hawa hawaogopi kuchapa. Aprili 2023 kampuni ya Whitepath, ya mikopo ya mtandaoni, ilipigwa faini ya Sh5 milioni. Septemba mwaka huo Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, wakapigwa Sh2.975 milioni. Kumbuka huhitaji kuwa ndiye mkopaji. Hata wewe uliyepigiwa simu juu namba yako iko kwa simu ya rafiki, hiyo data ni yako, na unaweza kushtaki.

CRB na deni linalokua kama mchicha

Kabla mkopeshaji apeleke jina lako CRB kwa ubaya, lazima akupe notisi ya siku 30. Chini ya kanuni za 2020, deni la chini ya Sh1,000 haliwezi kukuweka kwa hiyo orodha mbaya. Kila mwaka una haki ya ripoti moja bure kutoka kwa kila CRB: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Itishe hata kama huna shida. Kuna wasee wamegundua wana mkopo wa benki ambayo hawajawahi kuingia mlangoni. Ukipinga, CRB lazima ichunguze. Na ukilipa, rekodi haifutiki kesho. Inakaa miaka 5 tangu umalize, lakini inaonyesha umelipa.

Kuhusu deni lenyewe, kuna kanuni inaitwa in duplum, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, inayotumika tangu 2007. Tuseme ulikopa Sh50,000 ukalipa mpaka mtaji ukabaki Sh30,000, halafu mambo yakaharibika na benki ikautangaza mkopo mbovu. Kuanzia hapo riba haiwezi kupita Sh30,000. Jumla ni Sh60,000 na gharama za kudai. Dalali akikuletea karatasi ya Sh140,000, muulize hesabu ya in duplum iko wapi. Nimeona mtu akiuliza hilo swali na hiyo sauti ya simu ikashuka ghafla.

Benki ikifa

Dubai Bank na Imperial Bank zilifungwa 2015, Chase Bank ikafuata Aprili 2016. Wakati huo bima ya pesa za wateja ilikuwa inalipa hadi Sh100,000 tu. Tangu Julai 2020 ni hadi Sh500,000 kwa kila mtu kwa kila benki, kupitia shirika la KDIC. Akaunti tatu kwa benki moja zinahesabiwa pamoja. Sacco haziko kwa hii bima. Zinasimamiwa na SASRA, sheria tofauti kabisa.

Sasa unaendaje?

Anza na benki, kwa maandishi. Simu si kitu, maana simu haina karatasi. Tuma barua pepe kwa anwani ya malalamiko, taja tarehe, kiasi, namba ya marejeo, sema unataka nini, na uitishe namba ya kesi. Wape tarehe ya kukujibu. Ukiruka hii hatua, popote pengine swali la kwanza utaulizwa ni "uliwaambia lini?"

Wakikausha, chukua huo mfululizo wote na uutume CBK. Makao yao ni Haile Selassie Avenue, Nairobi, na wana matawi Mombasa, Kisumu na Eldoret. Weka nakala kwa benki yako. Hiyo nakala, kwa maoni yangu, inafanya kazi kuliko barua yenyewe: kila benki ina ofisa ambaye hataki jina la benki yake lionekane kwa meza ya CBK. Kama kesi ni ada ambayo hukuelezwa, CAK pia. Kama ni data, kamishna. Usitume kwa wote watatu barua moja ya hasira, kila ofisi itadhani nyingine inashughulikia.

Na ikigonga mwamba kabisa, kuna mahakama ya madai madogo, iliyoanza Milimani Aprili 2021 na kusambaa kaunti zingine. Inachukua madai hadi Sh1 milioni, sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Benki itatuma wakili wa suti. Wewe enda na karatasi zako.

Mimi sikufika huko. Nilituma barua pepe ya aya nne Jumatano, na nakala CBK. Wiki iliyofuata Jumanne asubuhi, nikiwa matatu ya Rongai, meseji ikaingia: Sh4,600 zimerudishwa. Lakini zile Sh200 nilizotozwa kuprintiwa taarifa ya akaunti, ile niliyoitumia kama ushahidi dhidi yao, hawakurudisha. Nimeangalia karatasi za kufungua akaunti na sioni mahali niliambiwa. Hiyo barua ya CAK nimeshaianza.